Nilivyojaza shughuli zangu kwenye fomu ya chuo cha Marekani

Hapa Tanzania, anayeomba chuo kikuu anabebwa na matokeo ya kidato cha sita. Vyuo vingi vya Marekani vinataka kujua pia ulikuwa unafanya nini nje ya darasa, na nani alikuwa anakutegemea. Fomu ya Common App, inayopokelewa na vyuo zaidi ya 1,000, ina visanduku 10 vya shughuli. Kila shughuli unaieleza kwa herufi zisizozidi 150, kisha unataja saa kwa wiki na wiki kwa mwaka.

Nilisoma shule ya bweni ya serikali. Wenzangu kadhaa waliokuwa wanaomba walianza kufungua klabu haraka haraka, kila mmoja mwenyekiti wa yake. Mimi nilichukua daftari nikaandika siku yangu ilivyo, toka kengele ya alfajiri mpaka taa zinazimwa, halafu nikaandika na likizo zangu.

Nilikuwa kiranja wa chakula. Kila jioni nilisimama stoo na mpishi mkuu, tukapima unga na maharage ya kesho kwenye mizani, nikaandika kilichotoka na kilichobaki. Kabla ya hapo chakula kilitolewa kwa kukadiria, na bweni lililokuwa mwisho kwenye foleni liliambulia mchuzi mtupu. Niliomba mabweni yapokezane: linaloanza leo, kesho linakuwa la mwisho. Mwalimu wa chakula alipekua daftari langu ukurasa kwa ukurasa, akasema, "Sasa hata mimi najua nimwambie nini mkuu wa shule." Zamu ikaanza wiki ile ile.

Kwenye fomu niliandika kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili ingesomeka hivi: "Nilipima na kuandika chakula cha wanafunzi 600 kila siku, nikaanzisha zamu ya foleni kwa mabweni, maharage yakatosha hadi mwisho wa mwezi." Cheo peke yake hakisemi kitu. Viranja wako kila shule. Anayesoma fomu anatafuta kilichobadilika ulipokuwepo.

Jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye orodha ya aina za shughuli kuna majukumu ya familia, na kuna kazi ya kulipwa. Likizo zote nilikuwa kwenye genge la mama Mbagala. Alfajiri tunakwenda Soko la Ilala kuchukua tenga la nyanya, tunachambua zilizopondeka, tunapanga mafungu kabla watu hawajaenda kazini. Mama alishangaa kusikia wanataka kujua habari hizo, ila ndiye aliyenisaidia kukokotoa saa, maana mimi nilikuwa nazipunguza kwa aibu. Mdogo wangu unayelea wadogo zako au unayeuguza bibi, andika. Ni kazi, na wanaisoma.

Baada ya hapo nilimpelekea daftari mwalimu wa taaluma, aliyekuwa anaandaa barua ya shule ya kunielezea kwa chuo. Hilo lina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu barua ile na fomu yako vinasomwa pamoja. Yeye akaongeza jambo nililolisahau kabisa: kwamba nilikuwa nawafundisha hesabu kidato cha tano Jumamosi usiku.

Nilijaza visanduku 6. Vinne vilibaki vitupu, na chuo kilichonichukua na kunilipia ada hakikuniuliza habari zake.