Magoti ya bibi na kilo za msambu

Kwenye kabati langu hapa Tanga kuna kopo la siagi lisilo na siagi. Ndani mna mafuta meupe yaliyoganda, na hata joto la Januari la mji huu haliyayeyushi. Mgeni mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini ninahifadhi mshumaa kwenye kopo. Ni mafuta ya msambu. Nilipewa na mama nilipopanda kwetu Amani, milimani Usambara, mwezi uliopita, na kopo lenyewe ni lilelile la bibi.

Msambu ndivyo tunavyouita Wasambaa. Wengine husema mkanyi, na wataalamu wa miti wanauita Allanblackia stuhlmannii. Ni mti wa misitu ya mvua ya milima yetu tu, Usambara, Uluguru hadi Udzungwa. Nje ya Tanzania hauoti porini. Matunda yake hayaangushwi, yanasubiriwa. Tunda ni la kahawia, refu karibu sawa na mkono wa mtu kuanzia kiwiko, na mengine yana kilo tano au zaidi, kwa hiyo likidondoka usiku unalisikia ukiwa kitandani. Siku za upepo mama alitukataza kupita chini yake. Asubuhi ilikuwa mbio kati yetu na panya buku, na mara nyingi buku alikuwa ameshatutangulia.

Kazi inaanza baada ya kuokota. Matunda yanarundikwa kivulini na kufunikwa majani mpaka yaoze kidogo na kulainika. Hapo unaingiza mikono. Mbegu zimezama kwenye ute unaoteleza kama bamia, na kila mbegu ni nene kuliko kidole gumba cha mtu mzima. Tulizisugua kwenye gunia kuukuu ute utoke, kisha tukazianika juani wiki mbili hivi. Amani na jua mnajua habari zake: unaanika saa nne, saa sita unakimbia kuanua kwa sababu ukungu umeshuka na manyunyu nyuma yake.

Bibi alizitwanga kwenye kinu mpaka ziwe kama uji mzito, akamimina kwenye sufuria ya maji yanayochemka, akakoroga na kungoja. Mafuta yalipoelea aliyaengua kwa upawa, akayarudisha motoni mpaka maji yaliyobaki yaishe na sufuria iache kulia. Mengine yaliungia mboga. Ya kopo yalikuwa ya viungo vya mwili. Jioni alichota kwa kidole, akayayeyusha kwa kusugua viganja karibu na moto, halafu ananiita: “Mume wangu, njoo unikande.” Nikakanda magoti yale mpaka yang'ae. Mimi naamini nusu ya dawa ilikuwa ni kule kukandwa, lakini ukimwambia hivyo hakuelewi wala hataki kukuelewa.

Kisha wanunuzi wakaja. Ilikuwa miaka ya 2000, Ulaya wanatafuta mafuta ya kutengenezea siagi za kupaka mkate, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ukaruhusu rasmi haya ya kwetu yatumike humo. Mbegu tulizokuwa tunagombea na buku zikawa zinapimwa kwenye mzani. Bei ya kilo haikufikia bei ya soda, ila wakati huo iliki bado haijakomaa na nyumbani hakuna senti, kwa hiyo fedha ya msambu ndiyo iliyonunua madaftari na sare zangu. Nisiidharau.

Mwaka mmoja mama aliuza zote. Magunia matatu, mpaka zile za jikoni. Kopo la bibi likabaki tupu tangu Machi, na bibi akanuna kwa namna yake: hakusema neno, alikuwa anaweka tu kopo tupu mezani kila jioni tukila. Msimu uliofuata wakala akatuambia tukusanye nyingi zaidi, tukakusanya, halafu hakutokea. Tulingoja barabarani siku mbili na magunia. Ya tatu mvua ikanyesha, mbegu zikaota ukungu, tukazimwaga shambani. Kuzitwanga zote tusingeweza, mikono ilikuwa minne tu.

Tangu hapo mama ana sheria yake. Debe la kwanza la msimu haliuzwi, hata mnunuzi alipe mara mbili. Baba naye alifukia mbegu kadhaa katikati ya iliki. Zilikaa ardhini zaidi ya mwaka, tukadhani zimekufa, ndipo zikachomoza. Miche miwili ilikua. Tukangoja miaka kumi na ushee, mmoja ukachanua bila kuzaa: ni dume, maana misambu ina dume na jike, na huwezi kujua mpaka uone maua. Baba aliucheka mwenyewe, akauacha uwape kivuli iliki.

Bibi hayupo sasa. Mwezi uliopita nilimkuta mama amekaa kizingitini, amenyoosha miguu, kopo pembeni. Hakuniita mume wake, hilo ni la bibi. Alisema tu, “Baba, hebu kaa hapa,” akanisogezea goti la kushoto.