Mchanga Ndani ya Dagaa

Mada ya Jumamosi ile, kwenye darasa langu la kuzungumza Kiingereza, ilikuwa "elimu ni bora kuliko pesa", na ilikufa ndani ya dakika sita. Ulikuwa mwaka 2022, chumba cha kuazima Kirumba, jijini Mwanza, saa tisa alasiri, watu 14 kwenye viti vya plastiki. Kila mmoja alitoa alichokariri kwenye midahalo ya sekondari: elimu ni ufunguo wa maisha, pesa huisha, elimu haiibiwi. Kiingereza kilinyooka kwa sababu hakikuwa chao. Kisha kimya, na tulikuwa na dakika 84 mbele yetu.

Mada ya namna hiyo haiuawi na uhaba wa Kiingereza. Jibu lake linajulikana kabla swali halijaulizwa, wala hakuna aliyepo ambaye atapoteza kitu akishindwa. Na orodha ya mada niliyokuwa nayo mfukoni, iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa Ulaya, ilitutaka tujadili likizo za kwenye theluji.

Katika kimya kile, mama mmoja mchuuzi wa dagaa, ambaye mwezi mzima hakuwahi kuvuka sentensi mbili, alikuwa akimlalamikia jirani yake kwa Kiswahili. Asubuhi alikuwa amenunua sado tano, yaani makopo matano ya kupimia, pale mwaloni kwenye soko la samaki, akafika nyumbani, akapepeta, akapata mchanga wa kujaza bakuli.

"Mama, tujadili hilo hilo," nikamwambia. "Nani alipe huo mchanga?"

"Mwalimu, hilo nalijua hata usingizini. Kiingereza chake ndiyo sina."

Tukaanza na maneno, manane tu. Yakifika 15 watu husoma ubao badala ya kutazamana. Lililosumbua ni mizani, kwa kuwa Kiingereza kinaiita scales, na magamba ya samaki nayo scales. Nusu ya chumba walidhani nimekosea. Kwa dagaa, kijana mmoja alitaka tuseme sardines. Hao ni samaki wa baharini, wa ukoo mwingine kabisa. Tukaliacha neno "dagaa" kama lilivyo, ila kila mtu alipaswa kumweleza dagaa kwa sentensi moja mtu ambaye hajawahi kumwona samaki huyo.

Swali nalo lilihitaji kuchongwa. "Je, ni vibaya kuuza dagaa wenye mchanga?" hujibiwa ndiyo, basi. Tukaandika: kati ya mvuvi, mwanikaji, mchuuzi na mlaji, nani abebe hasara, na kwa nini si wale wengine watatu? Pande nne, kwa hiyo vikundi vya watu wanne wanne. Vikawa vitatu, na wawili waliobaki wakazunguka na karatasi wakiandika makosa bila kumkatiza mtu. Kikundi cha saba hakifai, mmoja hula muda wote. Dakika tatu za kufikiri kimya, kisha 20 za kubishana.

Wakabishana kweli. Aliyesimama upande wa mvuvi alisema usiku wa mbalamwezi mitumbwi ya dagaa haitoki, kwa sababu taa haziwavuti samaki ziwa likiwa na mwanga. Giza likirudi kila mtu anashusha kwa mpigo na vichanja vya kuanikia havitoshi, wengine huanikwa mchangani. Mwanikaji akajibu kwamba kichanja ni miti na nyavu, ni pesa, na mlaji anataka dagaa wa kichanjani kwa bei ya wa mchangani. Kijana mmoja akasema dawa ni kuacha sado na kuuza kwa kilo. Hapo yule mama akainuka. Kwenye sado, alisema, mchanga unajipenyeza kwenye nafasi kati ya dagaa na hauongezi ujazo sana. Ukipima kwa kilo, mchanga wenyewe ndio unaouzwa. Alizungumza kama dakika mbili bila kusimama. Sikuwahi kuisikia hoja hiyo, na ninaamini ni sahihi.

Karatasi za wale wawili zilirudi na makosa mawili makubwa. La kwanza, mama huyo alipozungumziwa aliitwa he mara nyingi, maana "yeye" wetu hana jinsia. La pili ndilo nililolipenda kulifundisha. Sisi tunasema "ungeniambia, nisingenunua", -nge- huku na huku, kwa hiyo mtu huweka would pande zote mbili za sentensi ya Kiingereza. Siku nyingine ningeandika kanuni ubaoni ikasahaulika. Siku ile kila mmoja alikuwa na sentensi yake ya mchanga ya kurekebisha.

Tukamalizia kwa zoezi ambalo Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji lugha wa New Zealand, amelieneza sana: unaeleza hoja ile ile kwa wenzako watatu tofauti, dakika nne, kisha tatu, kisha mbili. Kosa langu lilikuwa kuwaacha wabadili hoja kila raundi. Kasi haikupanda, kwa sababu walikuwa wakitafuta mawazo upya.

Kabla ya kuondoka kila mtu aliandika kwenye kadi jambo moja lililompotezea pesa au muda wiki ile, au lililomgombanisha na mtu. Zilirudi lumbesa, nauli ya mtoto aliyepakatwa kwenye daladala, na akina mama waliokuwa wakiuza vyakula kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo, wakati daraja lilikuwa bado linajengwa: likikamilika watakula wapi? Moja ilihusu usalama wa meli, nikaiweka kando. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na Mwanza huwezi kujua nani aliye mbele yako alimzika baba yake. Kadi kama hiyo huulizwa kwanza, kwa mtu mmoja mmoja, pembeni.

Tulitoka saa kumi na moja, nusu saa baada ya muda wetu. Mama na yule kijana wa kilo walishuka pamoja kuelekea barabarani wakiendelea kubishana, sasa kwa Kisukuma.