Njooni mhesabu walezi saa saba mchana

Mzazi anayetafuta kituo cha kumlelea mtoto wake huja asubuhi. Hilo linaeleweka, maana anapita akielekea kazini. Anakuta sakafu imepigwa deki, watoto wameshabadilishwa nguo, walezi wote wapo na kibali kimetundikwa ukutani. Anauliza maswali yake, anajibiwa vizuri, anaondoka ameridhika. Mimi nimelea watoto wachanga kwa miaka mingi na siku hizi nafundisha walezi wapya. Nikipata nafasi ya kuzungumza na mzazi kama huyo, namwomba jambo moja tu: rudi saa saba mchana.

Saa saba ndipo kanuni zinapopimwa. Nusu ya walezi wamekwenda kula. Watoto wakubwa wanamalizia sahani zao, wadogo wanalazwa, mmoja amechafua nepi, mwingine muda wake wa dawa umefika, na simu ya ofisini inaita. Ukiuliza uwiano wa walezi na watoto utaonyeshwa rejesta, na rejesta itakuwa sahihi kabisa kwa jengo zima. Lakini mtoto hayuko kwenye jengo zima. Yuko kwenye chumba kimoja, na chumba hicho saa hiyo kinaweza kuwa na mlezi mmoja na vitanda tisa.

Sheria za vituo vya kulea watoto ni ndefu. Zinagusa vyoo, uzio, ngazi, madirisha, maji ya moto, uhifadhi wa sabuni. Yote hayo yana maana, ila nikiambiwa nichague kanuni moja ya kuisimamia hadi mwisho nitachagua ile inayosema mlezi mmoja awe na watoto wangapi. Uingereza, mlezi mmoja haruhusiwi kuwa na zaidi ya watoto 3 walio chini ya miaka 2. Kwa wenye miaka 2 kikomo kilikuwa watoto 4, kikapandishwa hadi 5 mwezi Septemba 2023, na walezi wengi walilipinga badiliko hilo. Marekani kila jimbo lina namba zake. NAEYC, chama cha wataalamu wa elimu ya watoto wadogo cha huko, kinapendekeza mlezi 1 kwa wachanga 4, na kundi lisizidi wachanga 8.

Hiyo sehemu ya pili ya pendekezo, ya ukubwa wa kundi, ndiyo watu huiruka. Wachanga kumi na wawili na walezi watatu katika chumba kimoja wanatimiza uwiano. Hata hivyo jaribu kukaa humo saa moja. Mmoja akilia anawaamsha wengine, mafua ya mmoja yanakuwa ya wote, na kila mlezi anadhani mwenzake ndiye aliyemwangalia yule aliyenyamaza. Mtoto mchanga anahitaji mtu wake, anayejua anavyolia akiwa na njaa na anavyolia akiumwa. Katika kundi kubwa hakuna anayepata muda wa kujua hilo, hata awe amesoma kiasi gani.

Walezi wapya huniuliza, hasa waliokwishalea wadogo zao nyumbani: "Dada, kwa nini watatu tu? Mimi nimelea wanne peke yangu na wamekua." Simbishii. Nalaza wanasesere wa mazoezi watatu vitandani, naliza kengele ya moto, namwambia awatoe nje. Anamchukua wa kwanza mkono huu, wa pili mkono ule, halafu anamtazama wa tatu. Na mlango una kitasa. Hapo tunaanza kuzungumza kuhusu kitanda cha magurudumu cha kuwahamishia watoto, nani anakisukuma, mlango upi ni mpana wa kukipitisha, na nani anabeba rejesta ili huko nje wahesabiwe. Kisha naongeza mwanasesere wa nne na wa tano. Sheria iliyokuwa maneno ya kukariri inakuwa jambo analolihisi mikononi.

Turudi saa saba, kwa sababu ndiyo saa ya kulala, na hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wa kazi hii. Yapo majimbo ya Marekani yanayoruhusu uwiano ulegezwe watoto wanapolala. Hoja yao ni kwamba mtoto aliyelala hahitaji mikono. Kwa mtoto wa miaka minne naweza kuisikiliza hoja hiyo. Kwa mchanga siikubali hata kidogo. Mwaka 1992 madaktari wa watoto wa Marekani walianza kupendekeza kwamba wachanga wasilazwe kifudifudi, na mwaka 1994 ikaanza kampeni ya kitaifa ya kuwahimiza watu wawalaze chali. Katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya wachanga usingizini vilipungua nchini humo kwa takriban nusu. Halafu utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ukaonyesha kwamba karibu moja ya tano ya vifo vya aina hiyo ilitokea mtoto akiwa mikononi mwa mlezi asiye mzazi, kiasi kikubwa kuliko kilichotarajiwa kwa muda ambao wachanga hukaa kwa walezi.

Sababu moja inayojulikana inaniumiza kila ninapoifundisha. Mtoto aliyezoea kulazwa chali nyumbani, siku anapolazwa kifudifudi kwa mara ya kwanza, hatari yake ni kubwa hata kuliko ya mtoto aliyezoea kulala hivyo. Mama amefanya kila kitu sawasawa. Mlezi naye ana nia njema, anaona mtoto anahangaika, anamgeuza tumbo apate usingizi. Ndiyo maana somo la usingizi salama nalitanguliza kabla ya lingine lolote: chali kila mara, usiku na mchana, godoro gumu, shuka lililobana, na kitandani hakuna kingine. Mto usiwemo, blanketi zito lisiwemo, mdoli usiwemo. Na mlezi anapita kila baada ya muda mfupi kutazama kifua kinapanda na kushuka na rangi ya midomo ikoje. Kazi hiyo haifanyiki kutoka jikoni.

Mzazi au bibi akija kuniambia mtoto wao analala vizuri akiwa kifudifudi, namsikiliza kwa heshima, na namweleza kwamba bila maandishi ya daktari mtoto atalazwa chali. Wapo waliokasirika. Bado nawaambia walezi wangu wasirudi nyuma hapo.

Sasa mafunzo. Marekani ilifanya jambo zuri mwaka 2014 ilipobadilisha sheria yake ya ruzuku ya malezi ya watoto: walezi katika vituo vinavyopokea fedha hizo lazima wafundishwe usingizi salama, hatari za kumtikisa mtoto, utoaji wa dawa, mzio wa vyakula, kujiandaa kwa dharura, huduma ya kwanza na mengine ya namna hiyo. Wakaguzi nao wafike angalau mara moja kwa mwaka bila taarifa. Hayo maneno "bila taarifa" ningeyaingiza katika sheria ya kila nchi. Uingereza inadai kozi kamili ya huduma ya kwanza kwa watoto, ya saa 12, irudiwe kila baada ya miaka 3. Tena inadai kwamba watoto wanapokula, ndani ya chumba awepo mtu mwenye cheti hicho ambacho hakijaisha muda. Angalia walivyoiandika: ndani ya chumba. Aliyeketi ofisini na cheti chake hahesabiki. Hiyo ni kanuni iliyoandikwa na mtu anayejua saa saba ikoje.

Kukabwa na chakula hakuna kelele. Wengi hudhani mtoto atakohoa na kulia, kumbe njia ya hewa ikiziba kabisa hakuna sauti inayotoka, na mlezi aliyewapa mgongo watoto hataona kitu. Zabibu nzima inatosha kuziba koo la mtoto wa miaka miwili, ndiyo maana tunazikata kwa urefu, mara mbili. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja anayekabwa, unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini kuliko kifua, unampiga mapigo matano katikati ya mabega, kisha unamgeuza na kumsukuma kifuani mara tano, na kurudia. Tumbo la mchanga halisukumwi. Kwa aliyezidi mwaka ndipo misukumo ya tumbo huja.

Nimeyaandika hayo kwa sentensi chache na yeyote anaweza kuyasoma kwenye simu. Kuyafanya ni jambo lingine. Karibu kila mlezi mpya, mara ya kwanza, anampigapiga mwanasesere mgongoni kana kwamba anamtoa gesi. Anaogopa kumwumiza. Inabidi nimshike mkono, nimwonyeshe uzito wa pigo, arudie mpaka woga uondoke. Vivyo hivyo kwa kusukuma kifua: kasi ya misukumo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha kama sentimita 4 kwa mchanga. Mkono uliozoea ndio unaokijua kina hicho. Kwa hiyo sikubaliani na vyeti vya huduma ya kwanza vinavyotolewa kwa kutazama video na kujibu maswali peke yake. Nadharia isomwe popote, lakini mtu asipewe cheti kabla mwalimu hajamwona akifanya. Na miaka mitatu ni mirefu mno. Ustadi huu hupungua ndani ya miezi michache usipofanyiwa mazoezi, ndiyo maana sisi tunautoa mwanasesere kabatini kila mwezi, watoto wakiwa wameshaondoka.

Nasema wakiwa wameshaondoka, na hapo pana dhuluma inayohitaji kutajwa. Walezi wengi hutakiwa kuhudhuria mafunzo siku yao ya mapumziko, kwa nauli yao na bila malipo. Sheria inayodai saa kadhaa za mafunzo kwa mwaka bila kusema saa hizo zinalipwa na nani inamtwisha mlezi mzigo wa mwenye kituo. Mlezi aliyechoka hukaa darasani akingoja karatasi isainiwe. Saa za mafunzo ziwe saa za kazi, ziandikwe hivyo katika kanuni.

Uchunguzi wa rekodi za jinai siuzungumzii sana kwa kuwa wengi tunakubaliana. Nasisitiza tu kwamba usiishie kwa walezi. Mpishi, dereva, fundi anayekuja kila wiki, na kama kituo kiko nyumbani kwa mtu, basi kila mtu mzima anayeishi humo. Pia uwe unarudiwa. Sheria ya Marekani inasema angalau kila miaka 5.

Kinachonisumbua zaidi ni asubuhi ambayo mlezi anapiga simu kwamba anaumwa. Wazazi wako mlangoni, mmoja ana kikao, mwingine akichelewa anakatwa mshahara. Mwenye kituo ana njia mbili: awapokee wote na kuvunja uwiano, au awarudishe baadhi. Nimewaona wakubwa wema, wanaowapenda watoto kweli, wakichagua njia ya kwanza kwa sababu hawana ujasiri wa kumwambia mama, "Leo chumba kimejaa." Kuwalaumu peke yao hakutoshi. Sheria nyingi zinasema watoto wangapi kwa mlezi lakini hazimlazimishi mwenye kituo kuonyesha, kabla ya kupewa kibali, ni nani atakayeziba pengo siku hiyo. Ningependa mkaguzi aombe orodha ya walezi wa akiba kama anavyoomba cheti cha zimamoto: majina, vyeti vya huduma ya kwanza vyenye tarehe, uthibitisho kwamba rekodi zao zimechunguzwa na kwamba wamepitishwa kwenye mlango wa dharura na kitanda cha magurudumu. Jirani anayeitwa kwa simu aje kusaidia kidogo si mlezi wa akiba.

Na wewe mzazi ukija saa saba, huna haja ya kuuliza mengi. Uliza nani yuko chumbani sasa hivi, na cheti chake kinaisha lini. Tazama ndani ya kitanda kilicho karibu nawe. Uliza mlezi mmoja akiumwa kesho nani anakuja, na umwombe msimamizi akutajie jina. Kama wanakuzuia usiingie kwa kuwa watoto wamelala, vua viatu, simama mlangoni, uhesabu.