Mkasi na Okidi ya Zambarau

Mwaka 2018, masika yakielekea kuisha, nilikuwa namwagilia maua barazani kwangu Tanga. Nikainua jani la okidi moja, nikaona michirizi. Njano iliyopauka, imefuata urefu wa jani, na hapa na pale vidonda vyeusi vilivyobonyea, kana kwamba mtu amezima hapo njiti ya kiberiti. Kopo la maji likabaki mkononi. Michirizi ya namna hiyo naijua tangu utotoni, ila si kwenye okidi.

Mimi mtu wa Muheza, na mama yangu alilima mihogo. Ugonjwa wa batobato tuliuzoea: majani yanajikunja, njano na kijani vinagombania nafasi, unang'oa shina, unaendelea na kazi. Aliyoiogopa mama ni ile ya michirizi ya kahawia. Hiyo ina unafiki. Mti unasimama vizuri shambani, na siku ya kuvuna unaupasua muhogo unakuta ndani madoa ya kahawia, makavu kama kizibo, haufai hata kwa mbuzi. Baadaye sana nilisoma kwamba aliyeuandika ugonjwa huo kwanza, mwaka 1936, alikuwa mtafiti Storey, na kituo chake kilikuwa Amani, kwenye milima ya Usambara, hapo juu ya vichwa vyetu. Mama hakuwa na habari za Storey. Alichojua ni kwamba jirani akikuletea mzigo wa pingili, unashukuru, halafu unauliza zimekatwa shamba gani.

Okidi zangu zilikuwa 31. Nyingi za aina ya dendrobiamu, zinaning'inia kwenye vyungu vya mkaa na makumbi ya nazi. Hii yenye michirizi ilikuwa ya kwetu pwani, ile ya maua ya manjano yenye madoa kama ngozi ya chui. Niliiokota kwenye tawi la mwembe ulioangushwa na upepo. Nikachukua jani nikalipeleka duka la dawa za kilimo. Kijana akaligeuza mara moja, akasema ni ukungu, akanipimia unga wa kuchanganya na maji. Nilipulizia wiki tatu, baraza likanuka kama ghala la pamba, michirizi ikabaki palepale. Simlaumu sana. Mimi nilihisi ni virusi, kama kwenye mihogo, na ugonjwa wa virusi kwenye mmea hauna dawa; mwenye duka angeniuzia nini?

Mpwa wangu alikuwa anasoma Uholanzi, nchi inayootesha okidi kama sisi tunavyootesha mchicha. Nilimtumia picha ya jani, naye akanitumia vipimo kupitia kwa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Vilikuwa kama vile vya malaria vya kutoboa kidole: unakata kipande cha jani, unakiponda ndani ya kimfuko chenye maji yake, unachovya kikaratasi, unasubiri mistari. Mmoja wa kuonyesha kipimo ni kizima, na mwingine kwa kila kirusi kinachotafutwa. Virusi vyenyewe vilikuwa viwili, vile vinavyozisumbua okidi zaidi duniani. Kimoja ni ndugu wa kile kinachoharibu majani ya tumbaku, na kinakaa kwenye utomvu uliokauka juu ya kisu muda mrefu bila kufa.

Vipimo sita, okidi 31. Ilinichukua jioni nzima kuchagua. Vitano nikavigawa kwa wagonjwa: ya chui, na nne zenye madoa ya mashaka. Cha sita nikapima dendrobiamu ya zambarau, malkia wa baraza, isiyokosa kuchanua, ili nipate mfano wa mmea mzima wa kulinganisha.

Ya chui ikatoa mstari mmoja. Nilipoiangalia chini ya jani kwa miwani ya kusomea nikawaona wenye vidonda vyao: utitiri, wadogo kama vumbi jekundu, wanatembea. Tatu kati ya zile nne nazo mstari mmoja. Ya nne, mistari miwili. Na zambarau, ambayo haikuwa na doa hata moja, mistari miwili. Nilikaa chini.

Kwenye mihogo, nzi weupe hubeba ugonjwa kutoka shina hadi shina. Kwenye okidi hakuna nzi wa kumsingizia. Kinachobeba ni utomvu kwenye makali. Na mkasi wangu ulikuwa mmoja. Kila ua likinyauka nakata, napita kwenye kikonyo kinachofuata, nakata. Tena zambarau ndiyo niliyoizalisha zaidi, kwa sababu ilitoa vitoto vingi juu ya mashina yake, na mimi nilipenda kusifiwa. Vitoto vitatu vilikuwa vimekwenda kwenye nyumba za watu.

Mbili zenye mistari nilizichoma nyuma ya nyumba. Vyungu nikaviloweka kwenye jiki. Mkasi nikaupitisha kwenye moto wa jiko la gesi mpaka mpini ukaanza kulalamika. Wapo wanaochovya visu kwenye maziwa ya unga yaliyokorogwa mazito, na nasikia yanasaidia, lakini kwa bei ya maziwa nilibaki na moto.

Halafu zile nyumba. Dada yangu wa Korogwe alisema kwenye simu, "Nishaitupa," kabla sijamaliza sentensi. Mwalimu mwenzangu akakiri kwamba yake ililiwa na mbuzi mwezi ule ule niliompa. Akabaki Bi Mkubwa, nyumba ya pili kutoka kwangu. Nikaenda na gunia.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Asubuhi yote hii, kuna msiba?"

Nikamweleza. Okidi yenyewe ilikuwa juu ya kichwa chake, imefungua maua 11, nimeyahesabu.

"Itakufa?"

"Huenda isife. Maua yatapungua mwaka hadi mwaka. Shida ni kuambukiza okidi nyingine."

"Nyingine ipi? Mimi nina mshubiri na mawaridi."

Nikasema hivyo haviupati ugonjwa huu.

"Basi iache ilipo. Mkasi uliokatia uko wapi?"

"Nyumbani. Nimeuchoma moto."

"Usije nao huku," akasema, akaenda kunichemshia chai. Gunia nilirudi nalo tupu, nimelikunja kwapani.