Ruta ilikuwa ikichimba kina kisicho sawa: dawa ilikuwa kwenye koleti

Kwa wenye karakana ndogo nyumbani wanaotafuta ruta (mashine ya kuchimba mifereji kwenye mbao) ya kazi za hapa na pale, hili litawaokolea mbao. Ruta yangu ndogo ya mkono ilikuwa ikianza mfereji vizuri, kisha biti (kile kisu kinachozunguka) inajivuta chini yenyewe. Kina cha milimita 5 kinaishia karibu 8. Nilikaza zaidi nati inayobana biti, nikapunguza kasi, nikabadilisha biti. Wapi!

Kilichosaidia ni kupima shina la biti kwa vernia (kipimo cha unene). Lilikuwa milimita 6 kamili, ilhali koleti, yaani kishikio kinachobana shina hilo nati inapokazwa, ni ya robo inchi, yaani milimita 6.35. Kwa macho huoni tofauti, na nati inakaza kabisa, ila mtikisiko wa kazi unaiponyoa biti. Nikatafuta koleti ya milimita 6. Nikaifuta vumbi, nikazamisha biti hadi mwisho, nikairudisha juu kama milimita 2, ndipo nikakaza. Nafasi hiyo ndogo usiiruke: koleti inapokazwa huivuta biti ndani kidogo, na biti ikiwa imegota chini haishikwi sawasawa.

Kwenye mninga sasa kina ni kimoja mwanzo hadi mwisho. Ukienda kununua, kabla ya wati uliza koleti, na kama biti za saizi hiyo zinapatikana mtaani kwako.