Kondoo wa Boston

Zilibaki siku mbili mama akafanyiwe usaili wa uraia wa Marekani. Majibu yote alikuwa ameyakariri, hata yale makoloni 13 ya Uingereza yaliyokuja kuwa Marekani aliyataja bila kukwama, ila kuna jambo lilimkaa moyoni. "Mwanangu, hawa Wamarekani walianza lini kuitana ndugu?"

Tulikuwa tunakaa Philadelphia, basi nikampeleka Carpenters' Hall, jengo dogo la matofali la chama cha maseremala. Marehemu baba alikuwa fundi seremala Tanga. Mama hakuhangaika na bendera, alikwenda moja kwa moja kwenye viti vya wajumbe wa makoloni waliokutana hapo Septemba 1774, akainama kuangalia miguu ilivyochomekwa. "Huyu fundi alijua kazi," akasema taratibu.

Pale pale nikaanza kumsimulia. Zamani Mvirginia akisema "nchi yangu" alikuwa na maana ya koloni lake la Virginia tu. Mwaka 1754 Benjamin Franklin, mchapishaji wa gazeti hapa Philadelphia, alichapa picha ya nyoka aliyekatwa vipande vinane, kuwaambia watu wa makoloni waungane au wafe. Mpango wa muungano uliotoka kwenye mkutano wa Albany mwaka huo mabaraza ya makoloni yaliukataa. Uingereza ilipoleta kodi ya stempu kwenye karatasi, 1765, makoloni tisa yalikutana New York kuipinga. Kisha watu wa Boston wakamwaga chai baharini kupinga kodi yake, na mwaka 1774 Uingereza ikaifunga bandari ya Boston.

"Sasa watu wa Boston walikula nini?"

Nikamwambia mchele ulitoka South Carolina, mbali kabisa kusini. Na Connecticut mkulima mmoja, Israel Putnam, aliswaga kondoo zaidi ya 100 mpaka Boston.

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu, mama."

Akanyamaza, kisha akataka kujua waliwanywesha wapi njiani. Sikuwa na jibu. Nikamwonyesha ukumbi ambamo Patrick Henry, mjumbe wa Virginia, alisema yeye si Mvirginia, ni Mmarekani. Sikumficha pia kwamba Henry huyo alimiliki watumwa, na undugu ule haukuwafikia. Mama alikiangalia kile kiti tena, safari hii kwa muda mrefu. Mimi mpaka leo siwezi kuisimulia habari hii nikaruka hapo.

Siku ya usaili nilimsubiri nje. Alitoka anatabasamu. Walimtaka ataje majimbo matatu kati ya yale 13 ya mwanzo.

"Nimeanza na Connecticut," akaniambia.