Kopo la Biskuti Lililonipa Pensheni

Nilipokaribia miaka 66, umri wangu wa kupata pensheni ya serikali hapa Uingereza, mwishoni mwa 2024, kila mtu alikuwa na la kuniambia. Aliyenichosha zaidi ni mtoto wa ami yangu kule Mombasa: "Dada, umewaosha wazee wa Kizungu mpaka mgongo umepinda. Funga mzigo urudi. Pensheni itakufuata huku, utaibadilisha shilingi uishi kama mfalme." Nusura nimsikize. Hata bei ya kusafirisha kontena nilishaulizia.

Aliyeniponya ni Mjamaika mmoja tuliyekuwa zamu za usiku pamoja. Alirudi kwao, na akipiga simu hujisifu kwamba pensheni yake huongezwa kila Aprili. Nikajua na yangu itakuwa hivyo hivyo. Nikauliza, basi tu, nisikie. Lo! Jamaika ina mkataba na Uingereza, Ufilipino inao, Morisi inao. Kenya haina, Tanzania haina. Ukihamia Mombasa, kiwango ulichoondoka nacho ndicho utakachozikwa nacho, unga upande usipande. Na ile nyongeza ya wenye kipato kidogo, Pension Credit, ndiyo haivuki bahari kabisa. Kwa kawaida hata ukienda kutembea tu, zaidi ya wiki 4 inakatika. Mtoto wa ami haya hakuyajua, na nilipomwambia alinuna kana kwamba sheria nimeitunga mimi.

Nikakata shauri: makazi ni London, Mombasa ni ya kaskazi. Baridi ikianza kunitafuna magoti napanda ndege, kisha narudi.

Kazi ikawa kwenye hesabu. Pensheni kamili ya serikali yataka miaka 35 ya michango ya National Insurance, ile bima ya taifa inayokatwa kwenye mshahara, na ukiwa chini ya 10 huambulii kitu. Mimi nilifika 1988 na sijui kukaa bure, kwa hiyo kwa vidole vyangu nilikuwa nimeshavuka. Kutazama rekodi, ni miaka 31. Iliyokosekana ni 1989 hadi 1993, miaka niliyosugua sakafu za maofisi alfajiri, kabla sijaingia nyumba za wazee.

Nikapiga simu ofisi ya kodi inayotunza rekodi hizo. Muziki wa kusubirisha ulilia mpaka wali wangu ukashika ukoko. Mwishowe kijana mmoja mwenye adabu zake akaniambia mwajiri huyo hayumo kwenye rekodi yangu. Mpwa wangu msomi akajitolea: akaandika barua ya kurasa tatu, Kiingereza cha mahakamani, mimi mwenyewe sikujitambua humo ndani. Ikajibiwa kwa mistari miwili: leta ushahidi. Nikamlaumu mpwa, nikaandika ya kwangu kwa hasira, kwa mkono, nikapiga mstari chini ya kila neno. Hiyo hata haikujibiwa.

Ushahidi nilikuwa nao. Nina kopo la biskuti la bati ambalo kila tukihama wanangu wanataka kulitupa. "Mama, nani anaweka karatasi za 1990?" Mama yenu anaweka. Nikalimwaga kitandani: karatasi za mshahara nyembamba kama ganda la kitunguu, wino umefifia, na P60 chache, zile hati za mwisho wa mwaka za mshahara na makato. Nikavaa miwani. Penye nambari ya National Insurance pameandikwa TN010159F. Nilishaiona mara elfu. Usiku ule ndipo nilipoisoma kwa vipande: 01, 01, 59. Mbona ni siku yangu ya kuzaliwa! Ya kwenye pasipoti, maana mama alijua tu kwamba ulikuwa msimu wa maembe, karani akaniandikia Januari mosi. F ni mwanamke. TN ilikuwa nambari ya muda, ambayo zamani ofisi ya mishahara ilimpachika mfanyakazi ambaye nambari yake halisi haijafika. Yangu ilipofika nilimpelekea msimamizi, akaitia mfukoni, na hapo ndipo ilipoishia. Michango ikakatwa kila wiki kwa jina la mtu asiyekuwepo.

Na kioja hakijaisha. Shoga yangu Msomali, tuliyesugua naye ghorofa moja, naye ni Januari mosi 1959. Si ajabu, karani wake alikuwa kama wangu. Kwa hiyo wanawake wawili, nambari moja! Sasa ndiyo naelewa kwa nini bahasha zetu zilikuwa zikipishana, tukizibadilishana kwenye ngazi tukicheka.

Safari hii sikutuma rundo wala malalamiko. Nilipanga nakala kwa mwaka wa kodi, Aprili hadi Aprili, P60 juu pale ilipokuwepo, nambari ya kumbukumbu ya mwajiri nimeizungushia kalamu nyekundu. (Karatasi zenyewe hazitoki nyumbani kwangu, hata aje nani.) Juu ya yote, ukurasa mmoja: huyu TN ni mimi, nambari yangu halisi ni hii, nilizaliwa siku hii. Mpwa alicheka, akasema ni barua ya mtoto wa darasa la nne. Ilikaa miezi, lakini ilirudi na miaka yangu minne. Kila mwaka ni pauni 6 na kitu kwa wiki, jumla kama 25, mpaka nife. Nikaiomba pensheni siku hiyo hiyo, maana haiji yenyewe. Mume wa jirani yangu aliketi akiingojea kama basi.

Shoga yangu alipopata habari alikuja Jumamosi, kilio mkononi. Zake zote alizitupa alipohama. Nikachemsha chai, tukalimwaga kopo tena kitandani, tukapekua moja moja. Karibu na chini kabisa ikatoka ya wiki moja ya Novemba 1991: nambari ile ile, ila jina ni lake, tena limekosewa herufi. Akaigeuza, akaisogeza dirishani, akaniuliza kwa nini sikumrudishia siku ile.

"Kwani wewe yangu uliirudisha?"